Gauni la Bi Hawa: fundi wa ghorofa ya pili aliyenishonea vazi la Ava Gardner

Nianze na bei, maana najua ndiyo mtakayouliza kwanza. Ufundi ni shilingi 8,500, kitambaa juu yako. Alinichelewesha siku tisa. Mahali pa kujaribia nguo ni nyuma ya leso mbili zilizotundikwa kwenye kamba. Pamoja na hayo yote, nikipata shughuli nyingine kesho, kwake ndiko nitakakokwenda. Nitaeleza kwa urefu kidogo, kwa sababu gauni aliloshona lina kisa chake, na bila kisa hicho mtaona nasifia mshono tu.

Jina lake siliandiki wala namba yake siitoi. Ameniomba hivyo mwenyewe: wateja alionao wanamtosha na hataki foleni ngazini. Yuko ghorofa ya pili katika jengo la zamani, hatua chache kutoka Biashara Street, Nairobi, upande ule wa maduka ya shuka na nguo za watoto. Hana kibao. Ngazi ni za mawe, zimelika katikati kwa miguu ya watu. Ukifika juu fuata mlio wa cherehani, mlango wa tatu kushoto, umwambie unatafuta fundi wa magauni ya kutokea. Ni mwanamke wa makamo, mzaliwa wa Machakos, na wasichana wake wawili wa kazi wanamwita Mama. Mimi ananiita Mwalimu.

Nimezaliwa Pumwani, Majengo, na nimelelewa na mlio wa cherehani. Mama alishona sare za shule, magauni ya Idi, foronya, mapazia, hata mavazi ya bibi harusi, vyote kwa Singer ya mkono iliyokaa juu ya meza barazani. Ukutani, usawa wa macho yake akiwa ameketi, palikuwa na picha iliyokatwa kwenye jarida la Kizungu ambalo mteja mmoja alilisahau. Mwanamke, nywele zimemteremkia begani, gauni jeusi la satini limeshikwa na bega moja tu, bega la pili liko wazi. Pembe za picha zilikuwa na vitundu vya pini vyenye kutu, na chini upande wa kulia palikuwa na doa la mafuta ya cherehani lenye umbo la dole gumba. Jina lake hatukulijua. Mama hakuwa akiisifia sura. Alikuwa akiwaonyesha wateja kwa ncha ya mkasi: "Mtazameni huyu. Yeye kalivaa gauni, gauni halikumvaa yeye."

Jina nililipata nikiwa chuo cha ualimu, nilipoikuta picha ileile katika kitabu cha maktaba. Ava Gardner, mwigizaji wa filamu wa Marekani, picha ya kuitangaza filamu yake ya The Killers, mwaka 1946. Nilipomletea mama jina hilo alilitamka mara mbili, polepole, kisha akasema, "Ava si ndiye Hawa." Tangu siku hiyo nyumbani kwetu ni Bi Hawa.

Mwaka huu nimetimiza miaka 60, umri ambao mwalimu wa serikali huweka chaki chini. Dada zangu na walimu wenzangu wakapanga kuniaga, wanawake watupu, hata wa kupiga picha ni binti. Kwa kuwa ni wanawake watupu, nikasema nitavaa gauni la Bi Hawa, na bega wazi vilevile kama lilivyo. Nimelitamani tangu nikiwa na miaka minane.

Huyu hakuwa fundi wangu wa kwanza. Wa kwanza simtaji, na mtaa wake siutaji pia. Kwa asiyeijua satini: ina upande wa kulala, kama manyoya ya paka. Mwanga ukiipiga kutoka juu inang'aa namna moja, ukiigeuza kichwa chini inang'aa namna nyingine, kwa hiyo vipande vyote vya gauni lazima vikatwe vikitazama upande mmoja. Fundi yule alibanabana nafasi ili aokoe kitambaa, akakata kipande kimoja hivi na kingine vile. Nilipowasha taa, ubavu wangu wa kushoto ulikuwa mweusi na wa kulia wa kijivu. Zipu ilipinda kama mkia wa kinyonga. Bega lenyewe, ambalo ndilo roho ya gauni, lilitelemka hadi kwenye kiwiko nilipoinua mkono. Mita nne za satini na arubuni ya shilingi 3,000 zikapotea. Nililia usiku ule, na nililia kwa hasira, kwa sababu nilimkabidhi picha ya mama mkononi na hakuitazama hata muda wa kumeza mate.

Huyu wa pili aliitazama. Aliipeleka dirishani, akaiinamisha huku na huku kama mtu anayekagua noti, akakaa nayo hadi msichana wake akamaliza kushona shati zima. Kisha hakusema "nitaweza", neno ambalo kila fundi wa Nairobi hulisema kabla hujamaliza kueleza. Aliniuliza, "Mwalimu, siku hiyo utakaa au utacheza?"

Nikamwambia nitacheza.

"Chakacha?"

Chakacha na kila kitakachopigwa. Akaandika kwenye daftari lake, juu ya vipimo vyangu: atacheza.

Alipokuwa akinipima akauliza huyu mama wa pichani ni nani. Nikamwambia ni mtoto wa mkulima wa tumbaku. Alinitazama kana kwamba namdanganya, lakini ndivyo ilivyo. Ava Gardner alizaliwa mkesha wa Krismasi mwaka 1922 katika kijiji kiitwacho Grabtown, karibu na mji wa Smithfield, jimbo la North Carolina huko Marekani. Alikuwa kitinda mimba, wa saba. Baba yake alilima tumbaku, kilimo kikamshinda, na mama yake akawa anaendesha nyumba ya kulaza walimu na kuwapikia. Hapo mimi hutabasamu kila mara, kwamba mtoto yule alikua akiwapisha walimu mezani. Baba alifariki msichana akiwa na miaka 15. Alitembea peku kama sisi tulivyotembea peku, akasomea uhazili, na njia ilikuwa imenyooka kuelekea kwenye mashine ya chapa katika ofisi ya mtu.

Fundi alikuwa ameweka tepu begani mwangu. Akageuka kuitazama picha tena. "Ndiyo maana," akasema. "Haya si mabega ya mtu wa kukaa. Huyu amebeba vitu."

Miaka hamsini na ushei nimeitazama picha ile na sikuwahi kuliona hilo.

Kilichomtoa kijijini ni picha dirishani. Dada yake mkubwa, Beatrice, alikuwa New York, ameolewa na mpiga picha. Ava alipokwenda kumtembelea, shemeji alimpiga picha na mwaka 1941 akaiweka kwenye dirisha la studio yake pale Fifth Avenue. Karani wa Loews, kampuni mama ya studio ya filamu ya MGM, akaiona, na mambo yakaanzia hapo. Wakazi wa Nairobi wa umri wangu wanayajua madirisha hayo. Picha yangu ya kumaliza darasa la saba ilikaa katika dirisha la studio moja River Road mwaka mzima, na mama alikuwa akizunguka makusudi ili apite hapo.

MGM walimjaribu mbele ya kamera bila sauti, kwa sababu matamshi yake ya shambani yalikuwa mazito mno kwao. Wakamwandika kwa dola 50 kwa wiki, kisha wakamtafutia mwalimu wa kumfundisha kusema upya. Jambo hili huniuma kuliko mengine yote katika maisha yake. Nimepokea darasani watoto waliotoka Kitui, Busia na Wajir, wakachekwa na wenzao kwa kutamka, na kazi yangu ilikuwa kuwaongezea Kiswahili sanifu, sauti ya nyumbani kwao waje nayo na warudi nayo. Bi Hawa alifutwa yake akiwa na miaka 18, kwa mshahara. Wakampa mwendo, nyusi na midomo, halafu wakamzungusha miaka mitano katika visehemu vya kupita na trei au kusimama nyuma ya mtu. Mwaka 1946 wakamwazima kwa studio ya Universal, acheze The Killers pamoja na Burt Lancaster. Ndipo likaja gauni.

Nikimsimulia mtu habari za Ava Gardner, swali la kwanza huwa ni waume. Walikuwa watatu, Mickey Rooney, Artie Shaw na Frank Sinatra, na ndoa zote zilivunjika. Fundi huyu hakuuliza waume. Aliuliza, "Nani alimshonea?"

Nilimpenda papo hapo. Aliyelibuni gauni ni Vera West, mkuu wa mavazi pale Universal enzi hizo. Waliokaa kwenye cherehani, majina yao hayakuandikwa kwenye filamu. Fundi aliniomba nimtajie herufi moja moja, akaandika Vera West pembeni mwa vipimo vyangu, akapigia mstari.

Mara ya pili nilikuta gauni limeshonwa tayari, lakini la marekani. Vijana hawalijui tena neno hili. Marekani ni kile kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, kigumu kidogo, na kilipata jina hilo kwa kuwa katika karne ya 19 kililetwa pwani yetu na wafanyabiashara wa Marekani. Fundi huyu hukata marekani ya bei nafuu kwanza, huipiga bandi kwa mishono mirefu, hukuvisha, hukuchorea kwa kalamu hapohapo ulipo, kisha huifumua yote. Vipande hivyo ndivyo vinavyokuwa ramani ya kukatia satini. Inamgharimu siku mbili zaidi na hatozi kitu juu yake. Kwangu mimi hiyo peke yake inatosha kumpa alama zote.

Nilisimama nyuma ya leso zile karibu saa nzima. Yeye alikuwa na pini mdomoni, hakuweza kusema, kwa hiyo nilisema mimi. Nikamwambia Bi Hawa alifika hapa hapa Nairobi.

Ilikuwa Novemba 1952. Alikuja na Sinatra, ndoa yao ikiwa imetimiza mwaka mmoja, kuigiza katika Mogambo chini ya mwongozaji John Ford, pamoja na Clark Gable na Grace Kelly. Walipiga picha Kenya, Uganda na Tanganyika. Hali ya Hatari, ile ya serikali ya kikoloni dhidi ya Mau Mau, ilikuwa imetangazwa tarehe 20 Oktoba, wiki chache tu nyuma. Mama yangu alikuwa na miaka 11. Anachokumbuka cha miezi hiyo ni askari kugonga milango ya Majengo usiku, na babu yangu kulala na viatu miguuni. Nchi moja, mwezi mmoja: kule mahema ya wacheza filamu, huku milango ile. Filamu nimeitazama mara tatu. Waafrika wamo kama wabebaji mizigo na wapiga ngoma, jambo lililonikera mara zote tatu na nililolisema darasani. Lakini Ava ndani yake ni hodari kweli. Ana mdomo mwepesi, anacheka na wanyama kama mtu aliyelelewa na mifugo, na unamwona akiumia bila kulia. Ndiyo filamu iliyomwingiza kwenye kinyang'anyiro cha Oscar ya mwigizaji bora wa kike. Akaichukua Audrey Hepburn.

Na lile jina la filamu! Ilitangazwa kwamba Mogambo ni Kiswahili, maana yake mapenzi makali. Nimefundisha lugha hii miaka 36 na nimekulia ndani yake, neno hilo halimo. Tulilonalo ni mgambo, mbiu ya kuwaita watu, na kila mtoto niliyemfundisha anajua kwamba la mgambo likilia lina jambo. Ukiniuliza mimi, mwaka 1952 hapa Nairobi mgambo ulikuwa unalia kweli, na haukuwa wa mapenzi.

Sinatra wakati huo nyota yake ilikuwa imezama. Alikuja huku kama mume wa mtu. Akaitwa Hollywood kufanyiwa majaribio kwa filamu nyingine, akaenda, akarudi wakati wa Krismasi, na sehemu aliyokuja kuipata ikamfufua hadi akashinda Oscar mwaka 1954. Bi Hawa alitimiza miaka 30 akiwa kwenye kazi hii ya Afrika. Fundi alitema pini ya mwisho kiganjani akasema, "Thelathini? Na mimi nilimdhani mtu mzima." Kisha akanigeuza anichore mgongo.

Sasa gauni lenyewe. Satini niliinunua Eastleigh, shilingi 650 kwa mita. Alinitaka nichukue mita nne na nusu, nikamuuliza ile nusu ni ya nini, akasema satini haisamehe. Nilikuja kuelewa baadaye.

Siri ya gauni la bega moja haiko begani. Ukiliachia bega libebe gauni zima, litatelemka tu, ushone unavyoshona. Huyu ameweka mkanda ndani ya kiuno, utepe mgumu wa upana wa vidole viwili, unaofungwa kwa kulabu mbili kabla hujapandisha zipu. Uzito wote unaning'inia hapo. Bega linabaki limelala juu yako bila kazi, na ndiyo sababu pichani linaonekana kama limepumzika. Nililigundua hilo nikiwa nimelivaa, nikainua mikono yote miwili juu kama niko darasani naandika ubaoni, na bega halikusogea hata ukucha. Kuanzia kiunoni hadi magotini amekata kitambaa mshazari ili kivutike na mwili. Bitana ni pamba laini, hivyo jasho halikuganda. Hutumia sindano nyembamba, namba 9, na huanza gauni la satini kwa sindano mpya, kwa kuwa sindano butu huvuta nyuzi. Pasi haigusi kitambaa hata mara moja, hupigwa juu ya leso kuukuu ya pamba, maana satini nyeusi ikiguswa na chuma cha moto inabaki na wayo unaong'aa.

Malalamiko yangu ni haya. Tulikubaliana Ijumaa. Nilifika Ijumaa, gauni halipo. Jumatatu, halipo. Alhamisi nikapanda tena matatu kutoka nyumbani hadi mjini, nikapanda ngazi zile kwa magoti yangu haya, nikaambiwa nirudi Jumapili, atafungua kwa ajili yangu. Siku zote hizo hakupiga simu wala kutuma ujumbe. Nilimkemea kama ninavyomkemea mwanafunzi wa kidato cha nne, na sijutii, kwa sababu simu ni shilingi chache na nauli ni nyingi. Alinisikiliza hadi mwisho, mikono kwenye mapaja. Kisha akafungua mfuko chini ya meza akanitolea kipande cha mgongo, kile cha kwanza. "Mwalimu, nilifumua."

Mshono wa katikati ulikuwa umekunjamana, kidogo sana, kama kope la jicho. Mimi nisingeuona. Lakini satini ikitobolewa na sindano tundu halifungi, ukifumua huwezi kushona palepale. Kwa hiyo alikata mgongo mpya kutoka kwenye ile nusu mita, akaanza upya. Nikanyamaza. Bado nasema angepiga simu.

Jumapili ile jengo zima lilikuwa kimya, mjini hakuna hata mkokoteni. Alinivalisha mwenyewe, akafunga zile kulabu mbili, akanisogeza mbele ya kioo. Kioo chake kina ufa kwenye pembe ya juu, na hilo pia nalitaja kwa sababu mtu anayelipa 8,500 anastahili kujiona mzima. Nilijiona vya kutosha. Kiuno changu si cha mwaka 1946 na hakikuwahi kuwa, lakini gauni halikunidai kiuno cha mtu mwingine. Lilikuwa limekatwa kwa ajili ya mwanamke wa miaka 60 aliyesimama ubaoni, mwenye bega la kulia lililoshuka kidogo kwa kubeba mkoba wa madaftari. Fundi alikuwa amelipima hilo na kulisawazisha bila kuniambia.

Alipokuwa anakunja karatasi za kufungia, akaniuliza mwisho wa Bi Hawa ulikuwaje. Nikamwambia alihama Marekani mwaka 1955, akakaa Hispania, kisha mwaka 1968 akahamia London, na hakuolewa tena. Mwaka 1986 alipatwa na kiharusi kikampoozesha kiasi. Alifariki huko London Januari 1990, kwa homa ya mapafu, akiwa na miaka 67. Mbwa wake alichukuliwa na rafiki yake mwigizaji Gregory Peck akalelewa Marekani. Yeye mwenyewe alirudishwa Smithfield akazikwa karibu na wazazi wake, nchi ileile ya tumbaku. Fundi alisema "pole" kwa sauti ya chini, kama anayempa pole jirani.

Nikamwambia pia kuhusu akina dada Fontana wa Roma, waliomshonea mavazi ya The Barefoot Contessa ya mwaka 1954, na ambao baadaye walimshonea gauni jeusi la kufunika mwili kwa mfano wa kanzu ya kasisi. Yule aliyesifika kwa bega wazi alipendeza vilevile akiwa amefunikwa hadi shingoni. Fundi aliuliza kama lina vifungo mbele. Lina vifungo. Ameanza kulikata juzi, na hilo nitalivaa Idi, sitangoja sherehe ya wanawake.

Kwa atakayekwenda: fika kabla ya saa sita, mwanga wa dirisha lake ni mzuri asubuhi. Peleka picha iliyochapishwa, kwa kuwa kwenye simu haoni mikunjo. Nunua nusu mita ya ziada bila kubishana. Mpe tarehe iliyo wiki mbili kabla ya shughuli yako, na upite mwenyewe kuulizia. Harusi ya wiki ijayo usimpelekee.

Sherehe ilikuwa Jumamosi, Majengo, karibu na nyumbani. Nilitoka kwangu na buibui juu, nikapanda matatu na satini ikichacharika chini yake, na ni mimi tu niliyeisikia. Ukumbini nilivua buibui mlangoni. Sitasimulia vigelegele. Nilicheza kuanzia saa kumi hadi magharibi, chakacha na kila kilichopigwa, na sikuligusa bega kulirekebisha hata mara moja. Binamu zangu wawili tayari wanataka kupelekwa kwenye ngazi zile.

Mama ana miaka 84 na macho yake yamebakiwa na mwanga tu. Tulimkalisha kwenye kiti karibu na ukuta, na nilipotoka kucheza nikapiga magoti mbele yake. Sikusema kitu. Alianza na bega, akalipitia kwa kidole, akashuka ubavuni, akaingiza mkono ndani ya zipu na kuupata ule mkanda wa kiuno, akaushikashika. "Mh," akasema. Akapindua upindo, akausugua mshono kwa ukucha wa dole gumba, kituo kwa kituo, kama alivyokuwa akikagua kazi yangu nilipokuwa mdogo. Akazunguka karibu nusu ya gauni. Karibu na goti la kushoto akasimama. Palikuwa na uzi mmoja uliosahauliwa, mrefu kama kijiti cha kiberiti. Akainama na kuukata kwa meno.